Ukiona nyufa mlimani, usilale hapo

Mvua za Oktoba hadi Disemba ndizo tegemeo la mkulima wa Kangundo, Machakos. Mahindi na maharagwe yakinyeshewa vizuri msimu huu, nyumba inakula. Lakini ni msimu huuhuu uliofukia vijiji vya West Pokot usiku wa kuamkia Novemba 23, 2019, na kuua zaidi ya watu 40. Usiku wa kuamkia Novemba 1, 2025, zamu ikawa ya Chesongoch, Elgeyo Marakwet, ambako zaidi ya watu 20 walifariki. Kote kuwili, udongo uliwakuta watu vitandani.

Kwenye milima ya nchi za baridi, hatari kama hii huja na theluji. Ile ya mwanzo wa msimu hugeuka tabaka dhaifu, kisha dhoruba hurundika nyingine juu yake na yote huteleza kwa mpigo. Kwetu kinachoteleza ni udongo, lakini kanuni ni moja: uzito mkubwa kwenye mteremko mkali, juu ya tabaka lisiloweza kuubeba.

Udongo hukaa mlimani kwa sababu chembe zake husuguana na kushikana, na mizizi ya miti huzifunga pamoja. Mvua ikinyesha siku kadhaa mfululizo, maji hujaza nafasi zilizokuwa na hewa. Udongo huwa mzito, na maji yaliyonaswa ndani husukuma chembe zisishikane. Yakifika kwenye mwamba yasipate pa kupenya, hukusanyika hapo na kulegeza sehemu ya chini. Ndiyo maana mteremko unaweza kuporomoka hata saa kadhaa baada ya mvua kukatika.

Machakos inasifika kwa mitaro ya fanya juu, ambayo hupunguza kasi ya maji na kuyapa muda wa kuzama shambani. Hiyo ni neema kwa mimea. Hata hivyo, palipo na mteremko mkali sana na udongo mchache juu ya mwamba, maji hayo ni mzigo pia, na lazima yapate njia ya kutoka kando hadi penye nyasi. Mtaro ulioziba humwaga maji yote mahali pamoja. Kibaya zaidi ni kuchimba chini ya mteremko ili kupata kiwanja bila kujenga ukuta wa kuuzuia, kwani sehemu hiyo ndiyo inayobeba uzito wa juu.

Mara nyingi mlima hutoa dalili. Nyufa mpya hutokea juu ya shamba. Mlango uliokuwa ukifunga vizuri huanza kukwama. Nguzo za ua huinama, na maji hububujika mahali palipokuwa pakavu. Mto ukipungua ghafla huku mvua ikiendelea, huenda umezibwa huko juu na utafumuka. Dalili hizi huonekana mchana. Usiku hakuna wa kuziona. Kwa hiyo hama kabla ya giza, nenda kwa jamaa anayekaa mbali na mteremko na mkondo wa maji, kisha mwarifu chifu. Shirika la Msalaba Mwekundu hupatikana kwa nambari 1199, bila malipo.

Mtu akifukiwa, dakika za kwanza ndizo za kumwokoa. Hakikisheni kwanza kwamba udongo umetulia, kisha mfukueni uso na kifua kabla ya miguu, mkimtoa tope mdomoni na puani. Aliyebanwa mguu kwa saa nyingi anahitaji mhudumu wa afya kabla ya kuondolewa mzigo, ikiwezekana: misuli iliyopondeka huachilia potasiamu na protini kwenye damu, na hizo zinaweza kusimamisha moyo au kuharibu figo. Mwambieni daktari alibanwa kwa muda gani, hata kama anaongea na anaonekana mzima.

Baada ya hapo, chemsheni maji yote ya kunywa. Vyoo vilivyobomoka juu ya kisima huleta kipindupindu na homa ya matumbo, na maradhi hayo huwafikia hata wale ambao nyumba zao hazikuguswa.