Tauni: Mwizi wa chuma ndani ya damu

MFANYABIASHARA anayevuka mpaka wa Vurra kwenda Aru, au anayetoka Koboko kuingia Kongo, hulinda sana mfuko wake. Lakini yupo mwizi asiyetaka fedha. Huyu hutafuta madini ya chuma yaliyomo katika damu.

Ni bakteria wa tauni, ugonjwa unaojulikana tangu zamani West Nile, hasa Arua na Zombo, na ng'ambo ya mpaka huko Ituri. Huenezwa na viroboto wa panya.

Bakteria huyu hawezi kuzaliana bila chuma. Mwili nao hauachi chuma kizagae. Kingi kimefungiwa ndani ya chembe nyekundu za damu, na kile kinachosafiri hubebwa na protini inayokishika barabara. Basi bakteria hutoa kemikali iitwayo yasiniabaktini, ambayo humpokonya mbebaji chuma chake na kumrudishia bakteria.

Septemba 2009, mtafiti mmoja wa Chicago, Marekani, alifariki baada ya kuambukizwa bakteria wa tauni waliodhoofishwa maabara hata wasiweze kuiba chuma. Ilikuwaje? Uchunguzi ulionyesha alikuwa na ugonjwa wa kurithi unaojaza chuma mwilini. Wataalamu wanadhani kuwa mwizi asiye na funguo alikuta ghala liko wazi.

Kwa hiyo mtu mwenye homa asijinunulie ovyo vidonge vya kuongeza damu, apimwe kwanza. Mama mjamzito aliyepewa vidonge hivyo kliniki aendelee navyo, ila akipata homa arudi kwa mhudumu.

Dalili za tauni ni homa ya ghafla, kuumwa kichwa, na tezi kuvimba kinenani au kwapani. Ikifika mapafuni, mgonjwa huweza kukohoa damu na kuwaambukiza walio karibu naye. Machi 2019, tauni ya mapafu iliingia Zombo kutoka Kongo kupitia familia iliyokuwa imefiwa. Waliokaribiana na wagonjwa walipewa dawa, maambukizi yakakoma.

Wanaorejea kufungua nyumba na maghala yaliyofungwa muda mrefu wawe macho. Panya wakifa ovyo, usiwaguse kwa mikono. Toa taarifa kituo cha afya.

Tauni hutibika kwa antibiotiki mgonjwa akiwahi. Akichelewa, huua kwa siku chache. Ukipata homa baada ya safari, mweleze daktari ulikotoka hata kabla hajakuuliza.