Fidia kwa Bega Lililodhuriwa na Sindano ya Chanjo

Maumivu ya mkono baada ya kuchanjwa ni jambo la kawaida, na aghalabu hutoweka katika siku chache. Hata hivyo, kwa nadra hutokea bega likauma kwa miezi mingi, hata mgonjwa akashindwa kuvaa shati au kuchana nywele.

Sindano ya chanjo ya influenza huchomwa katika msuli mnene wa bega, kiasi cha vidole viwili au vitatu chini ya ncha ya mfupa. Ikichomwa juu mno, dawa yaweza kuingia katika kifuko cha ute kinacholainisha mwendo wa kiungo. Hapo kinga ya mwili huikabili dawa mahali isipostahili kuwapo, na kiungo huvimba kwa ndani na kukakamaa.

Nchini Marekani, sheria ya mwaka 1986 iliunda mpango wa fidia kwa waliodhuriwa na chanjo, ulioanza kazi mwaka 1988. Fedha zake hutokana na kodi ya senti 75 kwa kila ugonjwa unaokingwa na dozi moja. Chanjo ya influenza iliingizwa mwaka 2005, na jeraha la bega likaongezwa katika jedwali la madhara mwaka 2017.

Mdai hupeleka maombi yake katika Mahakama ya Madai ya Shirikisho, na mdaiwa ni Waziri wa Afya, si muuguzi wala kiwanda. Hapana haja ya kuthibitisha uzembe. Yapasa kuonyesha kwamba bega halikuwa na maumivu hapo kabla. Kwamba maumivu yalianza katika muda wa saa 48, katika bega lilelile lililochanjwa. Na kwamba hakuna maradhi mengine yanayoyaeleza. Tena, kwa kawaida madhara yawe yamedumu zaidi ya miezi 6, na maombi yafike kabla ya miaka 3 kupita tangu dalili ya kwanza.

Ugumu umo katika zile saa 48. Mgonjwa avumiliaye miezi mitatu, kisha akamweleza daktari habari za maumivu bila kutaja chanjo, hudhoofisha ushahidi wake mwenyewe. Kwa hiyo yafaa aeleze mapema ni mkono upi uliochanjwa, tarehe ipi, na maumivu yalianza lini, ili yote yaandikwe katika cheti chake cha matibabu. Gharama za wakili zaweza kulipwa na mpango huo hata dai likishindwa, mradi lililetwa kwa nia njema na kwa msingi wa haki. Lakini kumbukumbu isiyoandikwa kwa wakati wake ni vigumu kuitengeneza baadaye.