Chai ya Jioni Isiyo na Majani ya Chai

Ukitoka Makambako, pale barabara kuu ya kwenda Zambia inapoachana na ya Songea, ukapanda kuelekea mjini Njombe, baridi inazidi kukukaza. Juni na Julai sakitu huanguka mabondeni, na jua likishazama sufuria ya chai huinjikwa. Wengi hutia majani ya chai pamoja na mchaichai, wakitumaini harufu yake itawaletea usingizi. Lakini sufuria hiyohiyo ina kinachoufukuza.

Mkoa huu wa Njombe unalima chai, Kibena, Luponde, Lupembe, na majani hayo yana kafeini. Kutwa nzima ubongo hukusanya adenosini, kemikali ambayo ikishazidi macho huwa mazito. Kafeini huwahi nafasi yake, kama abiria aliyekalia siti ya mwenzake, na uchovu hausikiki. Mtu mzima huhitaji takriban saa 5 kuondoa nusu ya kafeini mwilini. Ukinywa chai ya rangi saa 2 usiku, saa 7 usiku nusu ya kafeini ingali ndani yako.

Mchaichai hauna kafeini. Harufu yake ya limau inatokana hasa na sitrali, iliyo sehemu kubwa ya mafuta ya majani yake. Huko Brazil nako watu huunywa kutuliza wasiwasi, na mwaka 1986 watafiti wa huko walichapisha matokeo ya kuwapima wanywaji. Hawakuona kwamba unaleta usingizi wala kupunguza wasiwasi. Hawakuona madhara pia. Kwangu hiyo si sababu ya kuuacha. Faida ya mchaichai mtupu usiku ni kwamba umechukua nafasi ya majani ya chai.

Joto nalo lina kazi yake. Mwaka 1999 watafiti wa Basel, Uswisi, walionyesha kwamba mtu ambaye mishipa ya damu ya mikono na miguu imetanuka, ngozi ikapata joto, huwahi kusinzia, kwa kuwa joto la ndani ya mwili linapata pa kutokea. Kwa baridi ya Njombe, naona kukumbatia kikombe kwa viganja vyote viwili, miguu ikiwa ndani ya soksi, ni sehemu ya dawa.

Kata majani machache karibu na shina, ukiangalia kingo zake zisikuchane. Yaoshe, ponda kitako cheupe kwa mchi, kisha yakunje na kuyafunga fundo. Maji yakichemka, tumbukiza, epua, funika. Mfuniko ni muhimu kuliko wingi wa majani: sitrali hupaa na mvuke, na harufu inayojaa jikoni ndiyo iliyokwisha kutoka kwenye chai. Mji wa Njombe uko takriban mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, hivyo maji huchemka kwenye nyuzi kama 94 badala ya 100. Kwa hiyo yaache majani dakika 10 bila kufunua.

Jiko la mkaa libaki nje, hata baridi iwe kali vipi. Usingizi unaoletwa na jiko chumbani si usingizi: ni monoksidi ya kaboni, gesi isiyo na harufu, inayong'ang'ania damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Inaua watu wamelala.

Kisha subiri chai ipoe. Mwaka 2016 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lenye makao Lyon, liliweka vinywaji vya zaidi ya nyuzi 65 miongoni mwa vitu vinavyoelekea kusababisha saratani, ile ya koo la chakula. Ugonjwa huo unasumbua ukanda wetu wa Afrika Mashariki, na watafiti waliopima chai ya wanywaji wa Kilimanjaro waliwakuta wakianza kuinywa ikiwa na nyuzi kama 70. Mimina kikombeni, uache mvuke upungue, onja kwa ncha ya ulimi. Ikiwa unalazimika kuipuliza, bado.