Vitu Vimelala, Deni Halilali

Msomaji mpenzi, leo twataka kuingia nyumbani mwako. Usione haya. Hatuji kuhesabu sufuria zako ili tukucheke. Twataka kuketi nawe na mwenzio wa ndoa, tuzungumze juu ya jambo linaloondoa usingizi katika nyumba nyingi, yaani deni la nyumba.

Twajua jinsi linavyoanza. Mtu hujenga kidogo kidogo. Mwaka huu matofali, mwaka ujao msingi, mwaka wa tatu kuta. Kisha mvua zakaribia, kuta hazina paa, na fedha zimekwisha. Hapo huenda katika chama cha kuweka na kukopa, akaweka rehani kiwanja na nyumba yenyewe. Mabati yapigwa, jamaa waja kumpongeza. Lakini usiku ule wa kwanza chini ya paa jipya, deni limekwisha kuanza kazi yake. Wahenga hawakukosea waliposema: Kukopa harusi, kulipa matanga.

MFANO WA NYUMBA MOJA

Tutunge mfano, nawe utazame kama haufanani na nyumba yako. Tuseme pana bwana na bibi wakaao Katubuka, katika mji wa Kigoma. Bwana huvua dagaa ziwani, bibi huuza mawese sokoni. Wamekopa Shs. 3,000,000/- za kuezekea, walipe kwa miezi 24. Riba ni 2 kwa mia kila mwezi.

Je, riba hiyo huhesabiwa juu ya nini? Hilo ndilo swali la kwanza, na wengi hawaliulizi. Kama yahesabiwa juu ya deni lililobaki, basi kila mwezi watalipa Shs. 125,000/- za mkopo wenyewe, pamoja na riba inayopungua. Mwezi wa kwanza riba ni Shs. 60,000/-, wa pili Shs. 57,500/-, na kuendelea kushuka. Mpaka mwisho riba yote itakuwa Shs. 750,000/-. Lakini kama yahesabiwa juu ya mkopo wa mwanzo siku zote, watalipa Shs. 60,000/- kila mwezi bila kupungua, na riba yote itafika Shs. 1,440,000/-. Mkopo ni ule ule, miezi ni ile ile, na mdomo wa mkopeshaji wasema "mbili kwa mia" vile vile! Tofauti ni Shs. 690,000/-. Basi uliza kabla ya kutia sahihi, uandikiwe kila malipo kwenye karatasi.

Bwana na bibi wetu waliuliza vema, wakapata riba ya namna ya kwanza. Wamelipa miezi sita. Deni lililobaki ni Shs. 2,250,000/-. Sasa wamechoka. Bwana afikiri kukopa pengine ili alipe hapa.

TAZAMA STOONI

Jumamosi moja bibi afungua chumba cha nyuma ili afagie. Aona nini? Makarabai mawili ya kuvulia, yaliyoachwa tangu bwana aanze kutumia taa za sola. Baiskeli ya pili, isiyopandwa na mtu. Cherehani ya marehemu shangazi, ambayo hakuna nyumbani ajuaye kuishonea. Vipande vya mabati ya zamani. Masufuria yaliyonunuliwa kwa ajili ya harusi iliyopita.

"Baba watoto," asema, "vitu hivi vyangoja nini?"

"Huenda vikafaa siku moja."

"Na deni nalo litangoja siku hiyo?"

Bwana anyamaza. Kisha wahesabu pamoja. Baiskeli, tuseme, Shs. 90,000/-. Cherehani Shs. 110,000/-. Makarabai, mabati na masufuria Shs. 50,000/-. Jumla Shs. 250,000/-. Wauza, wapeleka fedha yote kwenye deni, na kuomba iandikwe kuwa imepunguza mkopo wenyewe.

Wamepata faida gani? Deni limeshuka kuwa Shs. 2,000,000/-. Miezi iliyobaki ilikuwa 18, sasa ni 16. Tena riba waliyokuwa wakiingojea Shs. 427,500/- imekuwa Shs. 340,000/-. Yaani vitu vilivyokuwa vikiliwa na kutu vimewaokolea Shs. 87,500/- za riba, mbali na bei yenyewe. Ndiyo maana twasema kwamba kitu kilicholala nyumbani mwa mwenye deni si mali. Chalala, na deni halilali.

Lakini uuze kwa akili. Usiuze jembe, wavu, wala cherehani inayoshona, maana hizo ndizo zitakazolipa deni. Usiuze mbegu. Usimnyang'anye mama vitenge vyake alivyoweka sandukuni, kwa kuwa kwa wanawake wengi wa pwani ya Tanganyika sanduku lile ndilo benki yao, siku ya ugonjwa hufunguliwa. Mwenyewe akiona doti tatu zatosha kuuzwa, vema, iwe kwa hiari yake. Na nguo zisizovaliwa, zilizochakaa kidogo, usizipigie mnada wote. Mtakatifu Basili, askofu wa karne ya 4, aliwafundisha Wakristo kwamba nguo iliyofungiwa bure sandukuni ni haki ya asiye na nguo. Hata mwenye deni aweza kumvika yatima.

GIZA NA MBALAMWEZI

Nyumba ya mvuvi haina mshahara wa tarehe moja. Wavuvi wa dagaa huvua usiku wa giza, taa zikivuta samaki. Mbalamwezi ikiwaka, mitumbwi hupumzika ufukweni. Kwa hiyo siku za giza fedha huingia, siku za mbalamwezi huadimika. Na mkulima wa kahawa wa Kalinzi naye hupata fedha nyingi kwa mara moja, kisha hungoja mwaka mzima.

Makosa yetu ni haya: siku za giza twala kama giza halitaisha. Nyama, soda, simu mpya. Mbalamwezi ikifika twarudi kwa mkopeshaji.

Basi fedha ikiingia, igawe siku ile ile, kabla ya kupita dukani. Fungu la kwanza la deni, fungu la pili la chakula cha siku za mbalamwezi, fungu la tatu la ajali na ugonjwa. Usiweke yote katika mkebe chini ya kitanda, maana mkebe huo hujulikana na nyumba nzima. Peleka chamani au benki. Na nunua daftari, uandike kila kiingiacho na kila kitokacho. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Tukumbuke mwaka 2024. Serikali ilifunga uvuvi katika Ziwa Tanganyika kwa miezi mitatu, kuanzia tarehe 15 Mei mpaka 15 Agosti, ili samaki wapate kuzaliana. Ziwa lilipumzika, lakini madeni hayakupumzika. Aliyekuwa na akiba ya miezi michache aliweza kusubiri. Asiyekuwa nayo aliuza kwa bei ya kutupa. Kwa hiyo usingoje tangazo ndipo uanze kuweka.

JIKONI, PASIPO KUWANYIMA WATOTO

Kubana matumizi si ubahili. Bahili huwanyima watoto chakula ili ahesabu noti, mwangalifu hupunguza hasara ili watoto wale. Usiuze dagaa wote ukawaacha watoto na ugali mtupu wa muhogo. Dagaa hujenga mwili, na mawese mekundu hutunza macho. Wala usimtoe mtoto shuleni ili alipe deni la paa.

Kuna mahali pengi pa kupunguza bila kumwumiza mtu. Nunua mche mzima wa sabuni, ukate vipande, uvianike. Sabuni kavu haiyeyuki upesi. Maharage uyaloweke tangu jioni, upike kwa kifuniko, nawe utaona mkaa uliobaki. Nunua mawese ya dumu wakati bei iko chini, mkigawana na jirani, kuliko kununua kipimo cha kikombe kila jioni. Mwenye kununua kidogo kidogo hulipa zaidi, ingawa haoni.

Sasa twafika mahali pagumu: sherehe. Mtoto apokea Komunyo ya Kwanza. Ni furaha kubwa mbinguni na duniani. Lakini je, Bwana Yesu amwijia mtoto kwa sababu ya kreti za soda na spika za muziki? Kuna wazazi ambao walikopa kwa ajili ya karamu ya Kipaimara, wakawa bado wanalipa mtoto alipokuwa kidato cha pili. Wali kidogo, samaki wa ziwani, jamaa wa karibu, na sala ya shukrani, vyatosha. Atakayekusema leo hatakusaidia kulipa kesho.

MUME NA MKE WAJUE WOTE

Deni la siri ni sumu ya ndoa. Bwana aweza kuficha deni la vileo, bibi aweza kuficha deni la kikundi, na siku wakusanyaji wabishapo hodi, watoto wasikia yote. Afadhali aibu ya jioni moja kuliko aibu ya mtaa mzima.

Tena sheria yenyewe yawataka muwe pamoja. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 yasema kwamba nyumba ya familia isiwekwe rehani bila ridhaa ya mwenzi wa ndoa. Mama, ukiletewa karatasi, usitie sahihi kwa kuwa "baba amesema". Isome, au uisomewe na mtu mwaminifu. Baba, usimwite mkeo siku ya sahihi tu, mwite tangu siku ya kufikiri. Bwana wetu alituuliza: nani ajengaye mnara asiketi kwanza kuhesabu gharama? Waketi wawili.

Nanyi nyote, jihadharini na mikopo ambayo watu wameipa jina la "kausha damu". Hupatikana upesi, bila maswali, na riba yake hukata mpaka mfupa. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 yataka wakopeshaji wawe na leseni au usajili. Mwombe akuonyeshe. Kulipa deni la chama kwa kausha damu ni kuzima moto kwa mafuta ya taa. Ukishindwa mwezi mmoja, nenda mwenyewe kwa chama kabla hawajakuita, useme ukweli, uombe muda.

Mambo haya si mageni katika Kanisa. Huko Perugia, Italia, mwaka 1462, Wafransisko walianzisha nyumba ya kuwakopesha maskini kwa dhamana ya vitu vyao, ili wasiliwe na walanguzi. Na mwaka 1891 Baba Mtakatifu Leo XIII, katika barua yake juu ya wafanyakazi, alifundisha kwamba mfanyakazi apate ujira wa kutosha, kisha kwa kubana matumizi aweke akiba na kujipatia mali kidogo iliyo yake. Nyumba yako ndiyo mali hiyo. Usiipoteze kwa ajili ya vitu visivyotumika.

KAZI YA JUMA HILI

Basi, msomaji, usiishie kusoma. Jumamosi hii fungueni stoo, baba, mama na watoto. Toeni kila kitu nje, juani. Gawanyeni mafungu matatu: chenye kazi, cha kuuza, cha kumpa mhitaji. Jioni andikeni deni lote katika ukurasa mmoja wa daftari, hata lile dogo la dukani. Kisha salini pamoja, kama Familia Takatifu ya Nazareti, ambayo haikuwa na stoo kubwa, wala hatusikii kwamba ilikosa amani.

Dawa ya deni ni kulipa. Na siku utakapopokea karatasi ya mwisho iliyoandikwa kwamba deni limekwisha, utalala chini ya paa lile lile, lakini usingizi hautakuwa ule ule.