Askari Wageni Ndani ya Mifupa

Sogeeni wajukuu, tena mkae vizuri, maana kisa hiki kinatokea ndani ya mifupa.

Humo mna uloto, na katika uloto mna seli shina, wazazi wa damu yote, pamoja na seli nyeupe ambazo ndizo askari wa mwili. Saratani ya damu ikiingia humo, dawa kali huweza kuiteketeza, lakini huteketeza na uloto wenyewe. Ndipo mgonjwa hupewa seli shina nyingine. Hapasuliwi mfupa, anatundikiwa mfuko, zinapita mshipani kama anaongezewa damu. Zenyewe huijua njia ya kwenda kwenye uloto! Hilo hunistaajabisha hadi leo.

Sasa, seli za nani?

Miaka ya 1950 daktari Mmarekani, E. Donnall Thomas, alijaribu kwa mapacha wa kufanana. Mwili haukuzikataa seli za pacha. Mnadhani ikawa nafuu ya kudumu? Wapi! Saratani ilirudi. Baadaye ikaonekana kwamba anayepewa seli na ndugu asiye pacha wake, saratani humrudia kwa nadra zaidi. Kumbe askari wa ndugu ni wageni: wakiikuta seli ya saratani imejificha, wanaiua. Balaa ni kwamba askari hao hao huweza kuigeukia ngozi, utumbo na ini la mwenyeji wao. Thomas alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1990, na mvutano huo bado uko pale pale.

Mwenye mayeloma, aina mojawapo ya saratani ya damu, kwa kawaida hurudishiwa seli zake mwenyewe, zilizovunwa na kugandishwa kabla ya dawa kali. Hakuna ugomvi, ila hakuna askari wageni pia. Mwenye lukemia kali, aina nyingine ya saratani hiyo, mara nyingi hutafutiwa mtu wa kumpa. Kila ndugu wa baba na mama mmoja ana nafasi 1 kati ya 4 ya kulingana naye kikamilifu kwa aina ya tishu. Asipopatikana, siku hizi hata mzazi au mtoto anayelingana nusu hufaa, kwa msaada wa dawa ya kuwatuliza askari wakorofi.

Na babu wa miaka 70? Zamani alikataliwa, kwani dawa zenyewe zingemuua. Sasa anaweza kupunguziwa dawa, na masalia ya saratani yakaachiwa wageni, wayamalize polepole kwa miezi.