Hita ya gari si pambo, hata Ukambani

Je, mpenzi msomaji, maji ya radieta ya gari lako hupungua kila wiki na huoni hata tone chini ya gari? Kabla ya kufunga safari kwenda kuwaona wazee Kitui au Makueni, liguse zulia la mbele. Likiwa limelowa na linanuka utamu, au kioo cha mbele kikipata ukungu wa mafutamafuta, yamkini hita inavuja.

Ndani ya hita mna radieta ndogo iliyofichwa nyuma ya dashibodi. Maji moto ya injini hupita humo, na feni hupuliza hewa inayowafikia abiria ikiwa na joto.

Utasema, hita ya nini kwenye jua la Mutomo au Kibwezi? Kwanza, asubuhi ya Julai kwenye vilima vya Mbooni ndiyo hukausha ukungu kiooni. Pili, fikiria safari ya kurudi. Mtito Andei iko chini ya mita 800 juu ya bahari, na Nairobi zaidi ya mita 1,600. Gari lililojaa watoto na magunia lina kazi ya kupanda. Mshale wa joto ukianza kupanda nao, zima kiyoyozi, fungua madirisha, weka hita kwenye joto la mwisho na feni kwa kasi. Mtatoka jasho, lakini injini itapata radieta ya pili ya kuipoza. Mshale usiposhuka, egesha kando na uzime injini. Kamwe usifungue kifuniko cha radieta ingali moto. Maji yatakurukia usoni.

Hita inayovuja huyamaliza maji hayo polepole. Yakiisha, hedi ya injini hupinda, na gharama yake si ya mchezo.

Ukiwa na spana na subira, kazi hii yafanyika nyumbani. Injini ikiwa baridi, ondoa waya wa betri na umwage maji kwenye karai. Legeza klipu za mipira miwili inayoingia ukutani nyuma ya injini. Izungushe mipira taratibu, usiivute kwa nguvu. Katika magari mengine hita hutoka kwa urahisi. Katika mengine ni lazima dashibodi yote ing'olewe. Lenye mifuko ya hewa ya usalama, mwachie fundi anayeyajua. Ukisharudisha, jaza maji, washa injini na hita, uache hewa yote itoke kabla ya kufunga kifuniko.

Fundi akikushauri kuiunganisha ile mipira miwili ili maji yasipite kwenye hita, kubali kama dawa ya muda tu. Utafika nyumbani, lakini ile radieta ya pili hutakuwa nayo mlimani.

Mwisho, angalia unachojaza. Visima vingi vya Kitui na Makueni vina maji ya chumvi, nayo hula chuma. Tumia kulanti, na ubebe akiba ya maji safi. Ile iliyomwagwa kwenye karai usiiache uani: ni tamu kwa ulimi, lakini ni sumu kwa mtoto na kwa mbwa.