Wavuti ni Mali ya Nani?

Siku hizi hata vijijini kijana hugusa kioo cha simu yake, na mara anasoma bei ya mahindi ya mjini au matokeo ya mitihani. Wazee wanaomtazama huuliza: Je, kitu hiki kina mwenyewe? Naye hutoza ada gani? Swali lao ni la haki, na jibu lake lina historia.

Yafaa kwanza tutenganishe mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Intaneti ni barabara. Wavuti, yaani kurasa tunazosoma, ni mzigo upitao barabarani. Barabara ndiyo ya zamani zaidi. Tarehe 29 Oktoba 1969, katika jimbo la California, Marekani, kompyuta ya chuo kikuu ilijaribu kupeleka neno moja kwa kompyuta ya mbali. Zilifika herufi mbili tu, mtambo ukagoma! Wakarudia, wakafaulu. Kazi hiyo iligharimiwa na wizara ya ulinzi ya nchi ile. Lakini kwa miaka mingi barabara hiyo ilikuwa ya wataalamu tu, maana kutafuta habari kulihitaji ujuzi mwingi.

Basi, karibu na mji wa Geneva, mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, kuna maabara kubwa iitwayo CERN. Wataalamu wa mataifa mengi huja hapo, hukaa kidogo, kisha huenda zao, na elimu yao huenda nao. Jambo hilo lilimsumbua Mwingereza mmoja, Tim Berners-Lee. Mwezi Machi 1989 alimwandikia mkubwa wake shauri: kurasa ziwekwe katika kompyuta, na baadhi ya maneno yake yawe kama milango. Ukichagua neno, unaingia katika ukurasa mwingine, hata kama umehifadhiwa nchi nyingine. Mkubwa wake, Mike Sendall, aliandika juu ya karatasi ile kwamba wazo bado lina ukungu, lakini linasisimua. Hakulipitisha, wala hakulitupa. Mwaka uliofuata alimruhusu Tim apate kompyuta mpya, na kabla 1990 haijaisha wavuti ilikuwa inafanya kazi. Tim alibandika kwenye kompyuta hiyo karatasi yenye wino mwekundu, akionya isizimwe. Hakuwa anatia chumvi: mfagiaji angeizima, wavuti yote ya dunia ingezimika, kwa kuwa wakati huo hapakuwa na nyingine.

Wavuti ilikuwa na mshindani. Chuo kikuu cha Minnesota, Marekani, kilikuwa kimetoa mwaka 1991 mpango wake uitwao Gopher, nao ulipendwa sana. Mwanzoni mwa 1993 chuo kikatangaza kwamba baadhi ya watumiaji watalipa ada. Sioni ubaya wa chuo hicho. Wafanyakazi wake walihitaji mshahara kama wengine. Lakini watu waliingiwa na hofu. Nani ajenge nyumba juu ya kiwanja ambacho kodi yake yaweza kupandishwa kesho?

Tarehe 30 Aprili 1993, CERN ikatoa hati yenye sahihi za wakubwa wake wawili: programu za wavuti ni mali ya watu wote, atakaye azitumie bila kulipa. Mwaka huohuo vijana wa chuo kikuu cha Illinois wakatoa Mosaic, programu iliyoonyesha maandishi na picha katika ukurasa mmoja, na wavuti ikaenea kama moto wa nyika. Gopher ikafifia. Wengine wamejitajirisha mno kwa kujenga juu ya kazi ya Tim. Yeye hakudai ada. Mwaka 1994 alianzisha huko Marekani baraza la kutunza kanuni za wavuti, ili kurasa zisomeke katika kila kompyuta.

Mbona basi tunanunua vocha? Fedha hiyo ni ya barabara: minara, umeme, na nyaya zilizolazwa chini ya bahari, kama ule wa SEACOM uliofika Mombasa na Dar es Salaam mwaka 2009. Kampuni inayokuuzia vocha haimiliki wavuti. Na mwalimu wa kijijini akitaka kuandika ukurasa wake mwenyewe, haombi ruhusa Geneva, wala hadaiwi huko hata senti moja.